Bei ya Kivuli

Siku Kausalya alipoanguka shambani, mumewe alikuwa mnadani akiwafunua midomo maksai wake ili mnunuzi aone meno.

Mnunuzi hakuwa mtu wa maneno mengi. Kama ilivyo desturi ya mnada, alimshika Sopan mkono chini ya kitambaa, wakapatana bei kwa kubonyezana vidole, wengine wasijue. Bei haikuwa nzuri. Anayeuza maksai katikati ya msimu wa palizi ana haja, na mnunuzi alilijua hilo kabla hajagusa pembe. "Huyu wa kushoto anachechemea," alisema kwa sauti ya kusikika. Sopan alijua fika kwamba hachechemei, lakini akanyamaza. Alipokea arbuni, akaahidi kuwaleta Jumapili ijayo, akawageuza wanyama wake kuelekea kijijini kwake Jambhulwadi bila hata kunywa chai.

Pesa zile alizitakia kisima cha bomba. Kisima cha mawe alichoachiwa na baba yake kilikuwa kikikauka kila baridi ilipoanza kuondoka. Bila maji ya uhakika hakuna vitunguu, na bila vitunguu, kwa jinsi alivyoambiwa, ekari zake nne zingeendelea kumlisha bila kumvisha. Aliyemwambia hivyo hakuwa mtu. Ilikuwa kompyuta ya Vrinda.

Vrinda alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha kilimo, binti mwembamba aliyefika kijijini kwa skuta kila wiki tangu mwaka uliotangulia. Kazi yake ilikuwa kuigeuza kila nyumba ya mkulima kuwa hesabu. Aliuliza ekari ni ngapi, maji kiasi gani, maksai wangapi, mikono mingapi, kila zao linadai nini mwezi gani na linarudisha nini. Kisha aliiachia kompyuta itafute, katika njia zote ambazo nyumba ile ingeweza kupita, ni ipi ingewapa chakula cha mwaka na kuwaachia faida kubwa kuliko nyingine. Profesa wake alitaka kujua kwa nini wakulima hufanya wanayoyafanya. Wakulima wenyewe walitaka kujua mashine imesema wapande nini.

Kabla ya mvua, Sopan alimkalisha Vrinda barazani akambana. Vrinda akamjibu kwamba kwa hesabu alizopewa, jibu ni kuchimba kisima, kupanda vitunguu ekari mbili baada ya kuvuna soya, na kuuza maksai, maana trekta la kukodi lingetosha. Alimwonya kwamba hesabu hutoka kama ilivyoingia, na kwamba hakuna kompyuta inayoona maji chini ya mwamba. Sopan aliliacha onyo lipite. Mwenye kiu hasikii ila neno maji.

*

Wanawake waliokuwa wakipalilia mstari mmoja na Kausalya walidhani amechuchumaa kung'oa jani lenye mizizi mirefu. Ni Shevanta, jirani yake, aliyeona kijembe kimemtoka mkononi. Walipomgeuza, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Bahati njema, Vrinda alikuwa pale pale barazani kwa Rakhmabai, mama yake Sopan, akiuliza maswali yake ya kila wiki. Alisukuma skuta hadi ukingoni mwa shamba. Wakampakia Kausalya katikati, Shevanta akamshikilia kwa nyuma, wakaenda naye hivyo hadi zahanati ya mji mdogo, wanawake watatu juu ya kiti cha wawili.

Daktari alivuta kope la chini la Kausalya, akatazama, akauliza damu yake ameipeleka wapi. Aliuliza anakula nini, na anakula saa ngapi. Kausalya akasema anakula wenzake wakishamaliza. Daktari alimtundikia dripu, akaandika dawa za kuongeza damu, akasema mgonjwa asiiname wala asibebe kitu mwezi mzima. Shevanta akauliza, kwa adabu, kama daktari anajua kwamba huu ni mwezi wa palizi. Daktari akasema anajua, kwa sababu vitanda vyake vimejaa.

Dripu ilishuka polepole. Ili kupitisha muda, Vrinda alimwuliza Kausalya ahadithie siku yake, tangu anapoamka.

"Si ulishaandika?" Kausalya akasema.

"Niliandika nilivyoambiwa, wifi."

"Uliambiwaje?"

Vrinda akatazama chini. "Kwamba uko nyumbani, na shambani unasaidia kidogo. Kwa hiyo nilikuweka kama nusu mtu."

Kausalya akafikiri. "Nusu ipi, dada? Ya juu au ya chini?"

Shevanta alicheka hadi akajifunika uso kwa pindo la sari. Kausalya naye alicheka, sindano ikatikisika mkononi, muuguzi akaja kuwakemea. Waliponyamaza, Kausalya akaanza kusema. Alisema bila kulalamika, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani. Maji ya kwanza, kinyesi cha ng'ombe, mikate ya mtama, chakula cha kubeba, cha binti yake Surekha cha shuleni na cha mume cha shambani. Kisha palizi hadi jua la utosi. Kisha majani ya mifugo. Kisha palizi ya mashamba ya wenzake, maana wao huja kwake kwa zamu na zamu hulipwa kwa zamu. Kisha kuni, maji ya pili, mikate ya jioni, na vyombo. Vrinda alimrudisha nyuma mara kadhaa, akimwuliza kila kazi inachukua muda gani. Hakuna aliyewahi kumwuliza Kausalya jambo hilo, na mwanzoni alikosea, akataja muda mfupi mno, mpaka Shevanta akamsahihisha.

*

Nyumbani, neno la mwezi mzima liliingia kama mgeni asiyekaribishwa.

Rakhmabai alikuwa mwanamke wa mifupa mikubwa ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kupinda. Alisema yeye alimzaa huyu Sopan alfajiri na kabla ya kitovu chake kuanguka alikuwa kwenye shamba la pamba, na hakukuwa na daktari wa kumtazama kope. Hakulisema kwa ukatili. Kwake ulikuwa ukweli kama ukweli mwingine. Kisha akasema kinachobaki ni Surekha. Msichana ana miaka kumi na minne, mikono yake ni mizuri, na shule haitakimbia.

"Mwezi mmoja tu," Sopan alisema, bila kumtazama bintiye.

Surekha alifuta mikono, akavichukua vitabu vyake kutoka pembeni mwa jiko, akavifunga kwenye kitambaa, akavipandisha juu ya kabati mahali ambapo huwekwa vitu visivyohitajika kila siku.

Kausalya alikuwa amelala chumba cha pili na ukuta ulikuwa mwembamba. Alijua jinsi mwezi mmoja unavyozaa mwingine, kwa kuwa naye aliitwa nyumbani kwa mwezi mmoja alipokuwa darasa la saba. Alijaribu kuinuka. Miguu ilimsaliti, akajishika mlangoni.

"Baba Surekha," aliita. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumpinga mbele ya mama yake. "Mtoto haachi shule. Kesho nitakwenda mwenyewe."

"Utakwenda wapi, hata mlango unakushikilia."

"Basi nitapalilia nimekaa."

Sopan akatoka nje. Alisimama karibu na maksai, akawakuna chini ya shingo, na ni hapo Eknath alipomkuta. Eknath alikuwa jirani na pia wakala wa mitambo ya kuchimba, mtu mwenye simu mbili na viatu visivyoshika matope. Alikuja kukumbusha kwamba mtambo utafika Jumatatu, na kwamba kuna watu watano nyuma yake wanaoililia zamu hiyo. Alitupa macho shambani. "Magugu yako yamestawi vizuri, kaka," alisema. "Yanaipita soya. Labda uyapeleke sokoni."

Sopan akacheka kidogo, kama inavyompasa mtu anayehitaji zamu.

*

Vrinda alirudi Alhamisi, si siku yake ya kawaida. Alikuwa amebeba kompyuta yake ndogo na uso wa mtu asiyelala vizuri. Alikataa chai, kisha akaikubali kwa sababu Rakhmabai alikasirika. Aliomba watu wote wa nyumba wakae, na Kausalya aletewe godoro barazani.

Alimwambia Sopan kwamba amekuja kuhusu kisima. Alieleza kwamba aliporudi chuoni aliifuta ile nusu mtu, akaweka saa za Kausalya kama zilivyo, mwezi kwa mwezi, pamoja na usingizi anaoruhusiwa binadamu. Kisha akaiomba kompyuta iuendeshe mpango ule ule wa kisima, vitunguu na trekta.

"Ikasemaje?" Sopan akauliza.

"Ikasema hakuna jibu."

"Faida imepungua?"

"Hapana, kaka. Haikufika kwenye faida. Inasema mpango huo hauwezekani. Haupo. Ni kama kuuliza utafikaje mjini kwa kupita katikati ya ukuta. Mwezi wa palizi unadai saa ambazo nyumba hii haina. Mwanzo niliona zinatosha kwa sababu nilikuwa nimezitoa kwa mtu ambaye sikumhesabu."

Sopan akasema kwa ubaridi kwamba yeye ndiye aliyempa hesabu hizo, basi na aseme wazi kwamba alidanganywa. Vrinda akasema hakudanganywa. Aliuliza vibaya, naye akajibiwa kwa jinsi alivyouliza, na profesa wake mwenyewe alizipitia hesabu hizo akaona ni nzuri. Hata baba yake yeye Vrinda, ambaye naye ni mkulima, angejibu vile vile.

Rakhmabai alitaka kujua mashine inawataka wafanye nini basi, maana kusema haiwezekani hata jogoo angesema.

Vrinda akageuza kompyuta, ingawa hakukuwa na cha kuona ila safu za tarakimu. Alisema safari hii hakuilazimisha. Aliiacha ichague. Imechagua kubakiza maksai. Mtambo usubiri. Baada ya soya wapande mtama na dengu, ambazo haziombi maji mengi wala palizi nyingi, na vitunguu viwe kipande kidogo tu karibu na kisima cha mawe. Faida ni ndogo kuliko ile ya kwanza, alisema, lakini hii ni ya kweli. Kisha akaeleza kuhusu maksai. Jembe la kukokotwa likipita kati ya mistari, magugu yanayobaki kwa mkono ni yale ya shinani tu. Trekta la kukodi haliingii kwenye soya iliyokwisha kuota.

Sopan aliyajua yote hayo ya jembe. Alikuwa ameliongoza tangu utoto. Lakini alipouza maksai kwa vidole chini ya kitambaa, alihesabu kulima na kubeba mizigo. Hakuhesabu migongo ya wanawake.

"Kuna kitu kimoja zaidi," Vrinda alisema. "Hesabu ikikamilika, inatuambia kila kitu kinabana kiasi gani. Tukikiongeza kidogo, nyumba itaongezewa rupia ngapi. Bei hiyo haipo sokoni na hakuna anayeilipa. Sisi tunaiita bei ya kivuli." Akatelezesha kidole. "Saa moja zaidi ya pampu ya maji, rupia tisa. Maji yana bei yake, sikatai. Saa moja ya wifi, mwezi huu wa palizi, rupia mia moja na arobaini."

Kibarua wa kike alikuwa akilipwa mia tatu kwa siku nzima, na mwezi huo hapakuwa na aliyebaki wa kukodiwa.

Sopan akauliza tena, akidhani amesikia vibaya. Vrinda akarudia. Hakuna kitu katika nyumba hii, alisema, si ardhi, si maji, si ng'ombe, kilicho adimu kuliko saa za mwanamke huyu, na ndiyo maana zilikuwa zimekwisha.

Kausalya alikuwa akitazama kidole gumba cha mguu wake. Hakujua aweke wapi uso. Katika maisha yake alikuwa amesifiwa kwa mikate, na siku moja kwa nywele.

Rakhmabai alimsogelea Vrinda kwa makalio yake, kwa sababu ya magoti. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko walivyoizoea.

"Na mimi," aliuliza. "Enzi zangu. Ingekuwa rupia ngapi?"

Vrinda hakuwa na tarakimu za enzi zile, na alisema hivyo. Lakini alisema hapakuwa na pampu wala mashine ya kusaga, na watoto walikuwa wanne. "Ingekuwa zaidi, bibi. Ingekuwa zaidi sana."

Mwanamke mzee alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu aliyeletewa habari ya ndugu aliyedhaniwa amekufa. Kisha akashika nguzo, akajiinua, akaingia jikoni. Walisikia akitafuta sukari. Alitoka na gilasi ya chai ya maziwa, akainama kadiri alivyoweza, akamwekea mkaza mwana wake mkononi. Kisha akamwambia Surekha aviteremshe vitabu vyake huko juu kabla panya hawajavila.

*

Kurudisha arbuni si kazi ndogo. Jumapili mnunuzi aliihesabu pesa yake, akadai na ya usumbufu juu yake, na Sopan akatoa. Mtu akauliza kwa nini amebadili mawazo. Eknath, aliyekuwa hapo kwa shughuli zake, akajibu kwa niaba yake kwamba kuna kompyuta ya msichana mmoja inayoendesha nyumba za wanaume Jambhulwadi, na kwamba karibuni itawavisha bangili kama wake zao. Watu walicheka. Sopan alivumilia hadi kicheko kikaisha, akasema yule maksai wa kushoto hachechemei, akawaswaga wanyama wake nyumbani.

Jumatatu mtambo wa kuchimba ulipita mbele ya nyumba yake ukielekea kwa mwingine. Ilimwuma, hilo halifichiki. Alisimama akiutazama mpaka mlio wake ukapotea, kisha akafunga nira.

Kwa jembe la maksai alipita kati ya mistari shamba zima. Yakabaki magugu ya shinani, yale ya mkono. Wanaume wa kijiji kile walilima, walipanda, walipiga dawa, walibeba magunia, lakini kuchuchumaa na kijembe katika mstari wa wanawake hakukuwa kazi yao. Sopan aliingia kwenye mstari akiwa ameinamisha kofia yake. Shevanta alikuwa wa kwanza kumwona.

"Shemeji," alisema, "umepotea njia?"

"Nimekuja kulipa zamu za mke wangu."

Hawakumwonea huruma. Walimpa mstari wenye magugu mengi na kumwacha nyuma, wakamwuliza kama wamletee kiti. Kufikia adhuhuri magoti yake yalikuwa yakiwaka moto. Hakuwa amejua kwamba kazi hii inaingia nyuma ya paja, mahali pasipofikika kwa kukanda. Jioni alipoketi kula, alimwambia mama yake ampakulie Kausalya kwanza, na akafanya kama vile ni jambo la kawaida.

Sikukuu ya Panchami, ambayo wanawake walioolewa huiendea kwa mama zao, huangukia katikati ya palizi. Kwa sababu hiyo Kausalya alikuwa hajaiendea tangu Surekha alipokuwa mchanga. Mwaka huo Sopan mwenyewe alimpigia simu shemeji yake aje amchukue dada yake, na amkalishe hadi damu irudi. Kausalya alipanda pikipiki ya kaka yake na bahasha ya dawa, akatazama nyuma mara moja tu, kwa kuogopa asije akaitwa.

*

Alirudi akiwa na rangi usoni na kitoweo cha nazi kavu kutoka kwa mama yake. Hakwenda nyumbani kwanza. Alishukia shambani, kama afanyavyo mtu aliyemwacha mtoto kwa majirani.

Mbaazi zilizochanganywa na soya zilikuwa zimesimama vizuri. Soya ilikuwa safi, ila mistari ya upande wa mashariki ilikuwa na mapengo, hapa hatua moja, pale mbili, kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Sopan alikuwa mwishoni mwa mstari amechuchumaa, amempa mgongo. Pembeni yake Shevanta alikuwa akimweleza, kwa subira ya mtu aliyekwisha eleza sana, tofauti ya jani la soya changa na jani la gugu.

Alipomwona mkewe aliinuka kwa mafungu, mkono kiunoni.

"Ni wadudu gani hawa waliokula soya, baba Surekha?" Kausalya akauliza.

Sopan akatazama mapengo. "Wana miguu miwili," alisema. "Tumewapiga marufuku upande wa magharibi."

Shevanta aligeuka pembeni. Kausalya alitaka kucheka, na pia alitaka kulia, na hakufanya lolote kati ya hayo mbele za watu. Alinyoosha mkono, kwa mazoea, achukue kijembe. Sopan akakihamishia mkono mwingine.

"Nenda nyumbani," alisema. "Hapa tunatosha."

Akaenda. Rakhmabai alimpokea mzigo, akanusa nazi, akasema mama yake bado anajua kuikausha. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mitungi. Kausalya alizunguka chumbani akitafuta cha kufanya, akagusa hiki na kile, kisha akajinyoosha mkekani kuupumzisha mgongo kidogo. Jua lilikuwa bado liko juu na mlango ulikuwa wazi, mtu yeyote aliyepita njiani angeweza kumwona.

Mwanamke mmoja wa jirani alifika kuazima ungo, akamwuliza bibi mzee mkaza mwana wake yuko wapi, maana amesikia amerudi.

Rakhmabai alimvuta mbuzi wa nyumbani karibu yake kwa kamba, asije akapiga kelele mlangoni.

"Amelala," alisema. "Njoo jioni."